Kabla ya Kufuta Sera ya Kuingia, Uliza Anayebaki Ataangukia Wapi

Ndugu zangu, habari za mchana. Najua mmetoka kula sasa hivi, na wali wa mchana una tabia yake, kwa hiyo naanza na kitu kifupi. Amri yenyewe ni hii:

DROP AUTHENTICATION POLICY sera_ya_muda_2;

Basi. Maneno matatu, jina, na nukta-mkato. Niliombwa nieleze namna ya kufuta sera za uthibitishaji kwenye kanzidata kwa SQL, lugha ya kuiamrisha kanzidata, na kwa haki kabisa ningeweza kuishia hapa nikarudi kukaa. Lakini wengi wenu mnaotumia Snowflake, ile huduma ya kanzidata ya mtandaoni, mmeshaipiga amri hii mkaona kinachotokea. Inakataa. Inakuambia sera hiyo bado imeshika mahali, kwa hiyo haifutiki. Mtu anakasirika, anatafuta njia ya kuilazimisha. Mchana huu nataka tukae kwenye hicho kipindi kifupi, kati ya kukataliwa na kukasirika, maana kazi yote ya kufuta sera iko humo.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia kitu gani. Sera ya uthibitishaji kwenye Snowflake ni karatasi ya masharti ya mlangoni. Inasema mtu aingie kwa njia zipi: nywila, mfumo wa kuingia wa ofisi yake, jozi ya funguo za siri za kompyuta, au tokeni, yaani msimbo wa kuingilia. Inasema aingie kwa chombo gani, kivinjari au programu inayojiunganisha yenyewe. Inasema kama analazimika kujiandikisha kwenye uthibitisho wa hatua mbili, yaani baada ya nywila athibitishe tena kwa kitu kingine, kama simu yake. Karatasi hiyo huhifadhiwa ndani ya skima, yaani chumba kimojawapo cha kanzidata, kama jedwali linavyohifadhiwa, lakini ikikaa humo tu haina kazi. Inaanza kufanya kazi ukiivika kwa mtu mmoja, au ukiivika akaunti nzima. Na hapa pana kanuni moja ambayo naomba muishike, kwa sababu kila kitu nitakachosema baadaye kinarudi kwake: mtu mwenye sera yake binafsi hafuati ya akaunti. Ya kwake inaifunika ya wote.

Kwa hiyo ukimvua mtu sera yake, habaki uchi moja kwa moja. Anaangukia kwenye sera ya akaunti. Kama akaunti haina sera, anaangukia kwenye masharti ya kawaida ya mfumo wenyewe. Swali la kuuliza ni hilo tu: akianguka, anaangukia wapi?

Mimi sikuliuliza. Niwasimulie.

Nilikuwa nasimamia Snowflake ya kampuni moja ambayo sitaitaja. Ijumaa moja mchana nikaamua kufanya usafi. Nikapiga SHOW AUTHENTICATION POLICIES, nikaona orodha, na katikati yake ipo hiyo sera_ya_muda_2. Ya muda! Muda gani? Aliyeiandika alishaondoka, hakuacha maelezo, na sera_ya_muda_1 wala haikuwepo. Nikasema huu ni uchafu. Nikapiga DROP, ikakataa. Nikatafuta imeshika wapi, nikakuta imevikwa mtumiaji mmoja tu, naye hakuwa binadamu. Alikuwa roboti anayesoma ripoti. Nikamvua hivi:

ALTER USER msoma_ripoti UNSET AUTHENTICATION POLICY;

Kisha DROP, safari hii ikakubali. Nikafunga kompyuta nikaenda zangu.

Akaunti ile ilikuwa na sera yake ya jumla, inayotaka kila mtu aingie kupitia mfumo wa ofisi, ule unaokupeleka kwenye ukurasa wa kampuni kwanza ndipo ukurudishe. Roboti hawezi kufanya hivyo. Hana kivinjari, hana simu ya kupokea namba. Alikuwa anaingia kwa jozi ya funguo, na ruhusa hiyo ilikuwa ndani ya sera niliyoiita uchafu. Saa nane usiku akaja kazini kama kawaida, akakuta mlango umefungwa. Akagonga mara ya pili. Akagonga mpaka asubuhi.

Jumamosi niko harusini, simu inalia. Nikatoka nje, nikasimama kando ya jenereta, nikaanza kukumbuka sera ile ilikuwa na nini ndani. Kwa maana sikuwa nimenakili. Snowflake inaweza kukurudishia jedwali ulilofuta kwa UNDROP ukiwahi, lakini sera ya uthibitishaji haimo kwenye orodha ya vitu vinavyorudishwa hivyo. Unaiandika upya. Mstari mmoja wa DESCRIBE AUTHENTICATION POLICY siku ya Ijumaa ungenipa kila kitu. Nikaiandika upya kwa kubahatisha, nikiwa na kompyuta ya kuazima ya bwana harusi. Ndiyo, ya bwana harusi. Tuliacha kuongea kwa muda.

Mnacheka, na mimi leo nacheka. Lakini hicho ndicho kisa chepesi. Kizito ni kile ambacho hakuna aliyenipigia simu.

Siku ileile ya usafi niliingia pia kwenye akaunti yetu ya majaribio. Humo kulikuwa na mkandarasi aliyevikwa sera kali peke yake: aingie kupitia mfumo wa ofisi tu, nywila hapana. Nikaona sera hiyo nayo ni ya zamani, nikamvua, nikafuta. Akaunti ya majaribio haikuwa na sera ya jumla. Kwa hiyo alipoanguka, aliangukia kwenye uwazi. Kuanzia siku ile angeweza kuingia kwa jina na nywila tupu, kutoka popote. Na aliingia hivyo. Wiki kadhaa baadaye, nikisoma historia ya kuingia kwa sababu nyingine kabisa, ndipo nikaona safu ya kipengele cha kwanza cha uthibitisho imeandikwa nywila, na safu ya kipengele cha pili haina kitu, siku baada ya siku. Alikuwa yeye mwenyewe, hakuna kilichoibiwa. Lakini hakuna aliyelalamika, kwa sababu nani analalamika kwamba mlango umekuwa rahisi?

Hapo ndipo nilipoelewa kitu ambacho nimekuja kuwaambia. Mlango uliofungwa kimakosa hupiga kelele usiku huohuo. Mlango uliofunguliwa kimakosa hukaa kimya. Sisi wasimamizi tumezoea kupima kazi yetu kwa kelele: simu hazijalia, basi mambo ni shwari. Kwenye kufuta sera, kipimo hicho kinadanganya.

Ukitaka kuona ukimya huo unaweza kufika wapi, rudini mwaka 2024. Mnakumbuka habari za wateja wa Snowflake. Kampuni ya uchunguzi ya Mandiant, iliyo chini ya Google, ilitoa taarifa mwezi wa Juni mwaka huo ikisema mashirika yapatayo 165 yamejulishwa kwamba huenda data zao zimefikiwa na wezi. AT&T ya Marekani ilitangaza tarehe 12 Julai kwamba kumbukumbu za simu na ujumbe za karibu wateja wake wote wa simu za mkononi, za kuanzia Mei hadi Oktoba 2022, zimechukuliwa. Ticketmaster, wauza tiketi, nao walikumbwa. Watu wakasema Snowflake imevunjwa. Wachunguzi walikuta habari tofauti: hakuna ukuta uliovunjwa. Wezi waliingia mlangoni wakiwa na majina na nywila halali, zilizokwishaibwa na virusi kwenye kompyuta za watu, nyingine tangu mwaka 2020. Karibu akaunti 80 katika kila 100 zilizotumiwa, nywila zake zilikuwa zimeshavuja kabla.

Na sababu walizozitaja ni tatu. Akaunti hizo hazikuwa na uthibitisho wa hatua mbili. Nywila hazikuwa zimebadilishwa, nyingine kwa miaka. Na hapakuwa na masharti ya mtandao ya kusema watu waingie kutoka wapi. Angalieni vizuri: zote tatu ni mambo ambayo hayakuwepo. Hakuna kilichoharibika, kwa hiyo hakuna kilichopiga kelele. Kuna kipengele kingine kwenye taarifa ile ambacho kilinigusa mimi binafsi, kwa sababu ya yule mkandarasi wangu. Baadhi ya nywila zilitoka kwenye kompyuta za wakandarasi, kompyuta ambazo zilitumika pia kucheza gemu na kupakua programu za bure zisizo na leseni. Mnajua ninachokisema. Hapa kwetu kompyuta moja ni ya ofisi asubuhi, ya watoto jioni, na usiku ni ya kupakua muvi.

Baada ya pale, mwezi wa Septemba 2024, Snowflake walitangaza kwamba akaunti mpya zitakazofunguliwa kuanzia Oktoba zitawadai watumiaji binadamu hatua mbili bila kuombwa. Vizuri. Ila akaunti ya zamani, yenye sera zilizovikwa na kuvuliwa na watu watano kwa miaka mitano, hiyo ilibaki kazi yetu sisi.

Wale ambao hamtumii Snowflake msisinzie, maana swali ni lilelile kila mahali, kila mfumo una majibu yake. Oracle, mfumo mwingine wa kanzidata, hawana kitu chenye jina hili, lakini wana profile, ambayo ndani yake mna masharti ya nywila. Ukitaka kufuta profile iliyovikwa watu, Oracle nao wanakataa, ila wamekuwekea neno la kulazimisha:

DROP PROFILE wahasibu CASCADE;

Ukiweka CASCADE, profile inaondoka, na kila aliyekuwa nayo anahamishiwa kwenye ile iitwayo DEFAULT. Yaani Oracle wamejibu swali letu waziwazi: wataangukia hapa. Na DEFAULT yenyewe haifutiki. Ninawapenda kwa hilo. Lakini nikikuuliza sasa hivi DEFAULT ya kanzidata yako ina masharti gani, utanijibu? Nimeuliza hivyo kwenye ofisi kadhaa, na mara nyingi anayejibu haraka ndiye aliyekosea.

PostgreSQL, nao mfumo wa kanzidata, ni mtihani zaidi. Masharti ya nani aingie kwa njia gani hayako kwenye SQL, yako kwenye faili la pg_hba.conf, na faili hilo linasomwa kutoka juu kwenda chini. Mstari wa kwanza unaolingana na anayebisha hodi ndio unaoamua, iliyobaki haisomwi. Sasa fikiria una mstari wa juu unaosema fulani akataliwe, na chini kidogo pana mstari mpana, ulioandikwa zamani na mtu mwenye haraka, unaosema trust kwa mtandao wote wa ndani. Trust maana yake aingie bila kuulizwa nywila. Ukifuta ule wa juu, ukapiga SELECT pg_reload_conf(), yule uliyekuwa unamkataa anaangukia kwenye trust. Umefuta mstari mmoja na kwa macho yako umepunguza masharti ya mtu mmoja, kumbe umemfungulia nyumba. Na kama chini hapakuwa na mstari wowote unaomhusu, angekataliwa. Kitendo kilekile, matokeo mawili yaliyo kinyume, inategemea kilicho chini yake. Angalau kuanzia toleo la 10 kuna pg_hba_file_rules, unaweza kuisoma mistari hiyo kwa SELECT bila kufungua faili kwenye seva.

Kwenye MySQL, kanzidata nyingine tena, sitawachelewesha. Kila mtu humu ndani ameshawahi kusahau nywila ya root, yule mtumiaji mkuu, akawasha seva na skip-grant-tables, yaani bila kuuliza mtu yeyote chochote. Na kila mtu anamjua mtu aliyeisahau ikiwa hivyo. Kuanzia toleo la 8.0 seva ikiwashwa hivyo inajifungia mtandao yenyewe, na mimi nasema wamechelewa.

Turudi kwenye Snowflake nieleze ninavyofanya siku hizi, baada ya harusi ile.

Siku ya kufuta si Ijumaa. Hilo la kwanza sihitaji kulieleza. Kisha naanza kwa kuuliza kama kufuta ndiko ninakotaka. Mara nyingi mtu anataka kubadilisha, naye anafuta ili aandike upya. ALTER AUTHENTICATION POLICY inabadilisha masharti ya sera ikiwa palepale ilipovikwa, na hiyohiyo inabadilisha jina. Hakuna dakika ambayo mtu anabaki bila nguo. Nusu ya maombi ya kufuta yaliyonifikia yaliishia hapo.

Ikibidi kufuta, naiuliza POLICY_REFERENCES, orodha ya mahali sera zilipovikwa, imeshika wapi. Ile iliyo ndani ya INFORMATION_SCHEMA, skima ya taarifa za kanzidata yenyewe, inakupa hali ya sasa. Ipo nyingine kwenye ACCOUNT_USAGE, kumbukumbu za matumizi ya akaunti, lakini hiyo inachelewa, hata saa mbili, na saa mbili ni muda wa kutosha kumsahau mtu. Ninayemkuta, namfuatilia kwenye LOGIN_HISTORY, ile historia ya kuingia: anaingiaje, kwa chombo gani, lini mara ya mwisho. Hapa ndipo ningemwona msoma_ripoti wangu akiingia kila usiku saa nane kwa jozi ya funguo, na harusi ingeenda salama. Kisha nauliza lile swali, anaangukia wapi, na jibu naliandika. Naandika kweli, kwenye tiketi ya kazi hiyo, kwa sentensi kamili. Nimegundua kwamba kuna mambo nayaona ya kawaida kichwani, lakini nikiyaandika “mtumiaji huyu ataweza kuingia kwa nywila pekee kutoka popote”, mkono unasita.

Nikiona anaangukia pabaya, ninamwandalia pa kuangukia kabla sijamvua. Na kama ninayevua ni akaunti nzima, kwa ALTER ACCOUNT UNSET AUTHENTICATION POLICY, basi kabla ya hapo mimi mwenyewe na msimamizi mwenzangu tunavikwa sera yetu binafsi inayoturuhusu kuingia hata mambo yakiharibika. Kumbukeni, ya mtu inaifunika ya akaunti. Msimamizi aliyejifungia nje na ufunguo ukiwa ndani si hadithi, yupo mmoja amekaa safu ya tatu, sitamtaja, ananitazama. Na dirisha unalofanyia kazi usilifunge. Fungua kivinjari kingine, jaribu kuingia upya huko, ndipo uamini.

Baada ya kuvua, sifuti. Nasubiri. Sera iliyovuliwa haimdhuru mtu ikikaa kwenye skima, na ukigundua umekosea, kuirudisha ni mstari mmoja wa ALTER USER. Nasubiri mwisho wa mwezi upite, kwa sababu kuna kazi za mwisho wa mwezi ambazo huzioni siku nyingine yoyote. Mhasibu na roboti wake huonekana mara moja kwa mwezi, kama mwandamo. Wakati huo nasoma tena historia ya kuingia, na sitafuti makosa tu. Natafuta waliofanikiwa kuingia kwa njia ambayo mwezi uliopita hawakuitumia. Hao ndio wa ule mlango wa kimya.

Ndipo DROP. Na hapo nina onyo dogo kuhusu IF EXISTS, yaani “kama ipo”, kwa sababu skripti zetu zote zimejaa maneno hayo. Ukisema DROP AUTHENTICATION POLICY IF EXISTS halafu ukakosea jina, au ukawa kwenye skima nyingine, Snowflake haitakulalamikia. Itakujibu kwamba amri imetekelezwa vizuri, na pembeni itasema sera hiyo ilishafutwa. Skripti inasoma “vizuri” inasonga mbele. Sera yako iko palepale. Andika jina kamili, kanzidata, skima, jina, na IF EXISTS uiache kwa vitu visivyo vya mlangoni.

La ruhusa nalipitia haraka. Anayeweza kufuta sera ni mwenye umiliki wake. Anayeweza kuivika na kuivua ni mwenye ruhusa nyingine, APPLY AUTHENTICATION POLICY. Vimetenganishwa makusudi, na ofisi nyingi zinampa mtu mmoja vyote kwa kuwa ndiye anayejua. Mkiweza, mmoja avue na mwingine afute. Kati yao patatokea mazungumzo, na mazungumzo hayo ndiyo niliyoyakosa mimi ile Ijumaa. Tena sasa hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na wenzetu wa Kenya wana ya kwao ya 2019. Siku taarifa za watu zikivuja, utaulizwa ulizilinda vipi. “Nilikuwa nafanya usafi” halitasikika vizuri.

Kuna dada alinishika mlangoni kabla hatujaanza, akaniuliza: kama sera haijavikwa popote, nayo niiogope? Nikamwambia hapana, hiyo ipige DESCRIBE, nakili, futa, kanywe chai. Nilitaka na nyinyi mlisikie hilo, msije mkatoka hapa mkaogopa kufuta kitu chochote, skima zikajaa mizimu yenye majina ya muda.

Na ile sera_ya_muda_2 niliyoiandika upya kando ya jenereta ipo hadi leo. Nilipotulia niliibadilisha jina, ikaitwa roboti_ripoti_kwa_funguo, nikaiwekea COMMENT, yaani maelezo, inayosema ni ya nani, kwa nini ipo, na usiku wa saa ngapi anakuja. Kampuni ile nilishaondoka, na aliyerithi kazi yangu hajawahi kunipigia simu hata mara moja. Wiki hii, nikiandaa maneno haya, nimeanza kufikiria nimpigie mimi.